Mtoto wa pinki: ubaguzi usio na mbaguzi katika masomo ya uuguzi

Mpwa wangu anasomea uuguzi, yuko mwaka wa pili. Siku aliyopokea mtoto kwa mara ya kwanza alipitia kwangu jioni, sare bado inanuka dawa ya wodini, akakataa hata chai kabla hajamaliza kusimulia. Mtoto alikuwa msichana wa kilo 3.2, mama yake mkazi wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu. Alimkausha, akamlaza kifuani mwa mama, akatupia jicho saa ya ukutani, na dakika ya kwanza ilipotimia akampa alama.

Kwa asiyejua, kila mtoto anayezaliwa hospitalini hufanya mtihani wake wa kwanza kabla hajafikisha dakika mbili duniani. Huangaliwa mambo matano: mapigo ya moyo, pumzi, misuli yake ilivyokaza, anavyoitikia akiguswa, na rangi. Kila moja hupewa sufuri, moja au mbili, jumla ni 10. Dakika ya tano mtihani hurudiwa. Alama zikiwa chini, ni ishara kwamba mtoto anahitaji msaada na uangalizi wa karibu. Wauguzi huziita Apgar, kwa jina la Virginia Apgar, daktari wa New York aliyezibuni.

"Rangi ulimpa ngapi?" nikamuuliza.

"Mbili. Alikuwa pinki mwili mzima."

"Pinki?"

Akacheka. "Anko, mtoto mwenyewe mweusi kama mimi. Lakini fomu ndivyo inavyosema. Ukiandika mbili, maana yake pinki."

Watoto wetu wengine huzaliwa wakiwa weupe kiasi, rangi ikakolea baadaye, kwa hiyo siyo kwamba neno hilo halimfai mtoto yeyote wa Kisumu. Mkunga mzoefu naye hahangaiki nalo. Anaangalia ulimi, midomo na ndani ya mdomo, anajua kama hewa inafika au haifiki. Ila ujuzi huo mpwa wangu aliupata kwa kusimama kando ya sista mmoja wa zamani. Kitabu kilimwambia pinki.

Kisa hiki kidogo ndiyo njia rahisi ninayoijua ya kueleza neno ambalo siku hizi linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wauguzi na wazazi wao: ubaguzi wa kimfumo. Limeingia kwa kasi tangu vijana wetu waanze kufungasha virago. Julai 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya. Septemba 2024 ikatia saini mwingine na Ujerumani, wa kazi na uhamiaji kwa jumla. Wengine wanakesha wakijiandaa kwa mtihani wa leseni ya Marekani. Huko wanakokwenda, vyuo vya uuguzi na hospitali vimeanza kuzungumza waziwazi juu ya ubaguzi wa kimfumo na haja ya kumfanya kila mwanafunzi ajione kwao. Huku nyumbani watu wanasikia nusu nusu, halafu maswali yanaanza. Huyo mbaguzi ni nani? Mbona hatajwi? Na sisi tusio na Mzungu hata mmoja darasani, yanatuhusu nini?

Tuanze na maneno. Ubaguzi wa rangi ambao kila mtu anaujua ni wa mtu kwa mtu: mgonjwa anakataa kuguswa na muuguzi mweusi, mwalimu anamdharau mwanafunzi kwa ngozi yake. Una uso na jina, na ukipata shahidi unaweza kuushtaki. Ubaguzi wa kimfumo hauhitaji mtu wa namna hiyo. Ni pale taratibu, vitabu, vipimo na ngazi za kupanda cheo zinapomtwika mtu wa rangi fulani mzigo mzito kuliko mwenzake, hata kama kila aliyemo ndani ya jengo ni mtu mwema anayesalimia asubuhi.

Atakayeona hili gumu na atembee Kisumu. Panda Milimani, fungua mfereji, maji yanatoka. Shuka Nyalenda au vuka uende Obunga, na kwa miaka mingi utakuta mkokoteni umebeba mitungi, maji yakiuzwa kwa bei inayompita mwenye mfereji. Mabomba yamesogea siku hizi, lakini tofauti bado unaiona kwa macho. Sasa uliza: nani katika ofisi ya maji anawachukia watu wa Nyalenda? Huenda hakuna. Huenda karani mwenyewe analala huko huko. Mabomba ya mwanzo yalilazwa na serikali iliyokuwa na watu wake wa kuwapa maji, na kila bomba lililofuata likaungwa kwenye lile la kwanza. Karibu kila mji mkubwa wa Kenya una Milimani yake, Nakuru inayo, Kakamega inayo, na jina hilo halikuangukia penye miinuko na upepo mzuri kwa bahati.

Linalonikera mimi ni kwamba mpango huo ulivalishwa koti la daktari. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa William Simpson, bingwa wa afya ya umma, aje Afrika Mashariki kukagua usafi wa miji. Alipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa mbalimbali, hoja yake ikiwa kuzuia magonjwa. Anayedhani taaluma ya afya ilikuwa imekaa pembeni wakati ubaguzi ukijengwa, asome habari za ripoti hiyo. Hospitali nazo zilitenganishwa kwa rangi. Ile tunayoiita leo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilianza 1901 kama hospitali ya wenyeji, na jina lake la kwanza lilisema hivyo bila haya.

Turudi kwa mtoto wa pinki, maana kisa chake hakijaisha. Virginia Apgar hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke katika kazi iliyojaa wanaume, na kipimo chake kimeokoa watoto wasiohesabika. Alipokichapisha mwaka 1953 aliandika mwenyewe kwamba rangi ndiyo dalili isiyoridhisha kuliko zote tano, na sababu mojawapo aliyoitaja ni ngozi ya watoto weusi. Mwenye kubuni kipimo alisema kina kasoro, na kwa miaka 70 kasoro hiyo ikanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, fomu hadi fomu, mpaka ikafika mikononi mwa binti wa Kisumu anayeandika pinki huku anacheka. Mwaka 2023 ndipo taasisi ya Uingereza inayofuatilia masuala ya rangi na afya ilipotoa ripoti iliyotaka upimaji wa watoto wachanga kwa kuangalia rangi utazamwe upya.

Hapo umeuona ubaguzi wa kimfumo mzima. Ujuzi ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekaa kikao akaamua watoto weusi wapimwe vibaya. Walioandika vitabu walikuwa na ngozi moja mbele ya macho yao walipokuwa wakiandika, basi.

Ukishaiona kasoro hiyo mara moja, utaanza kuiona kila ukurasa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kidonda cha kulalia huanza kwa ngozi kuwa nyekundu, ukiibonyeza isigeuke nyeupe. Mchukue mzee aliyepooza kwa kiharusi, mweusi tititi, umtafute wekundu huo mgongoni. Utakapouona wewe, kidonda kimeshachimba. Ngozi nyeusi inasomwa kwa vidole kuliko macho: je, pana joto kuliko upande wa pili? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi? Manjano nayo hutafutwa kwenye weupe wa macho na kwenye ufizi. Hayo yote wauguzi wetu wanayajua kwa kazi, ila mara nyingi hayapo kwenye picha za vitabu. London, mwanafunzi wa udaktari Malone Mukwende, mwenye asili ya Zimbabwe, alichoka kuuliza dalili hii inaonekanaje kwa mtu kama mimi, akashirikiana na walimu wake kutayarisha kijitabu cha picha za ngozi nyeusi mwaka 2020. Kijana ambaye hajamaliza chuo ndiye aliyeifanya kazi ambayo taaluma nzima iliiacha.

Na kuna kile kibanio cha kidole kinachosoma hewa kwenye damu, ambacho wakati wa korona kila mtu alikijua. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha usomaji wa kibanio na vipimo vya damu yenyewe. Kwa wagonjwa weusi, kibanio kilisema hewa inatosha ilhali imepungua mara karibu tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Mashine haina moyo wa kumchukia mtu. Mwanga wake hupita kwenye ngozi, na ngozi nyeusi huunywa kwa namna nyingine. Kosa ni la waliokipitisha bila kukijaribu vya kutosha kwenye vidole vyeusi.

Kwa hiyo yule anayesema "hapa sote ni weusi, hayatuhusu" amekosea kwa namna inayoweza kumgharimu mgonjwa. Mwalimu mweusi anamfundisha mwanafunzi mweusi juu ya mgonjwa mweusi, kwa kitabu kilichoandikwa kana kwamba wote watatu hawapo.

Kuhusu ngazi za kupanda, mfano wa wazi nao uko Uingereza. Huduma ya afya ya taifa ilipoanzishwa huko mwaka 1948, wauguzi hawakutosha, wakaitwa wasichana kutoka Karibea, halafu Afrika na kwingineko. Uuguzi ulikuwa na milango miwili. Wa kwanza ulikuwa wa miaka mitatu, ukimaliza unaingia kwenye rejista na ngazi zote ziko mbele yako hadi umatroni. Wa pili, uliowekwa na sheria ya 1943, ulikuwa wa miaka miwili, ukimaliza unaandikwa kwenye orodha ya pili na hapo ndipo ngazi inapoishia. Wasichana wengi weusi, hata wenye alama za kuingia mlango wa kwanza, walielekezwa wa pili, na wengi hawakuelezwa tofauti. Unaweza kufikiria barua zilizotumwa nyumbani: mama, nimepokewa, nasomea unesi. Wengine waliporudi kwao na vyeti vyao walikuta havitambuliwi.

Msichana wa namna hiyo kutoka Karibea hakuhitaji kutukanwa na mtu. Alipewa fomu, kalamu na tabasamu.

Kenya tulirithi milango hiyo hiyo miwili. Wazee wetu wanawakumbuka wale waliofunzwa misheni wakaitwa madresa, yaani wafunga vidonda, kisha wakaja wauguzi wa cheti, ambao kwa miongo mingi ndio walioibeba zahanati ya kijijini mabegani bila njia rahisi ya kupanda. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF na washirika wake walipoanza mpango wa masomo ya kompyuta ili wauguzi wa cheti wafikie diploma bila kuacha kazi, walilenga watu 22,000. Idadi hiyo yenyewe inakuonyesha watu wangapi walikuwa wamesimama mlango wa pili.

Marekani wao waliweka kufuli kabisa. Mary Eliza Mahoney alihitimu Boston mwaka 1879, mwanamke mweusi wa kwanza huko kumaliza mafunzo rasmi ya uuguzi. Miaka 29 baadaye wauguzi weusi walilazimika kuunda chama chao, 1908, kwa sababu njia ya kuingia chama kikuu ilipita kwenye vyama vya majimbo, na majimbo kadhaa yaliwakatalia. Milango ya mwisho ya namna hiyo ilifunguka 1964. Juni 2022 Chama cha Wauguzi cha Marekani kiliomba radhi kwa maandishi kwa sehemu kiliyochukua katika ubaguzi huo. Mtu akikuambia "mbona Mahoney aliweza, bidii tu," mwombe ahesabu wangapi walikuwa na bidii ile ile wakageuzwa langoni.

Sasa nije kwenye jambo lililotuchekesha wenyewe. Mwishoni mwa 2021 Mutahi Kagwe, waziri wa afya wa wakati huo, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, waliopita ni 10. Mitandao iliwaka. Wengine wakasema wauguzi wetu ni bure, wengine wakasema mtihani ni wa kibaguzi. Mimi nadhani pande zote mbili zilikimbilia kuhukumu. Kumtaka muuguzi aelewane na mgonjwa ni haki ya mgonjwa. Bibi wa Manchester ana haki ya kueleweka kama vile dani, yaani bibi, wa Siaya. Lakini mtihani ule haukupima kama utamwelewa bibi wa Manchester peke yake. Ulipima pia uandishi wa insha, kwa ada ambayo kwa muuguzi wa kaunti ni sehemu nono ya mshahara, na uliwadai watu waliosomea uuguzi kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, kwa sababu tu nchi yao haimo kwenye orodha ya nchi ambazo wengi wa watu wake huzungumza Kiingereza. Februari 2023 Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza lililegeza. Aliyesomea kwa Kiingereza nje ya nchi hizo, au aliyekosa alama kidogo, na ambaye tayari anafanya kazi huko kwenye huduma za afya, mwajiri wake anaweza kutoa ushahidi kwamba lugha anaimudu. Sharti la kueleweka likabaki. Kilichobadilika ni njia ya kulithibitisha.

Kuna hofu hapo ambayo nimeisikia hata kwa walimu: mkianza kugusa taratibu, mtashusha viwango. Mimi naona kiwango cha kibanio kile kilikuwa kimeshuka tangu kiwandani, ila hakuna aliyekuwa akikipima. Muuguzi anayejua kidonda cha kulalia kwenye ngozi moja tu amefaulu nusu ya somo akapewa cheti kizima.

Baraza hilo hilo la Uingereza, sitaki mtu afikirie limekuwa malaika. Mwaka 2024 uchunguzi huru ulioongozwa na Nazir Afzal, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa kanda, ulikuta ubaguzi wa rangi ndani ya ofisi zake zenyewe. Anayepima wauguzi wote alihitaji naye kupimwa.

Limebaki neno la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi: kujiona kwenu. Watu wengi huliona neno laini, mambo ya kukumbatiana na keki siku ya kufungua chuo. Waswahili wana methali inayolieleza vizuri kuliko semina yoyote, ila tumezoea kuitumia kumsema mtu aliyekaa sana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Isome kutoka upande wa mgeni. Siku mbili za kwanza anapewa kiti na nyama, anasifiwa, haguswi. Siku ya tatu anapewa jembe, na hapo ndipo anapojua amekuwa wa nyumbani. Ana mstari wake wa kulima. Akilima vibaya ataambiwa, na akiona mwenyeji analima vibaya naye anaweza kusema.

Hilo la mwisho ndilo linalookoa maisha. Mtafiti wa Australia, Tracy Levett-Jones, alisikiliza wanafunzi wa uuguzi waliokuwa kwenye mazoezi ya wodini, na akakuta kwamba anayejiona mgeni hunyamaza. Huona jambo limefanywa kinyume na alivyofundishwa akafuata tu, asije akaonekana mjuaji. Fikiria dozi ya mtoto imekosewa nukta moja na aliyeiona ni mwanafunzi ambaye hajapewa jembe.

Muuguzi mmoja, sasa ana miaka mingi kazini, alinisimulia yaliyompata alipotoka Lodwar kuja kusomea upande huu wa ziwa. Wodi ya upasuaji ilimpenda. Walimwita nyar Turkana, binti wa Turkana, kwa mapenzi, sista mkuu alimletea samaki wa kukaanga Ijumaa. Saa moja asubuhi, zamu ya usiku ilipokuwa ikitoa ripoti, walianza kwa Kiingereza, wakapita kwenye Kiswahili, na kufika kitanda cha tisa wakawa wameshazama kwenye Dholuo, lugha ya Wajaluo, bila kujitambua. Ya kitanda cha tisa yalikuwa maneno matatu: kik miye gimoro. Asipewe kitu. Mama huyo alikuwa na upasuaji saa nne. Nyar Turkana, ambaye maneno hayo yalimpita kama upepo, alimpelekea chai ya maziwa na mkate, akamsaidia hata kuuchovya.

Upasuaji uliahirishwa. Mwanafunzi akaandikiwa barua: hana makini.

"Hakuna aliyenichukia pale," aliniambia. "Ndiyo maana nilishindwa hata kulalamika. Ningesema nini, kwamba wanaongea lugha yao?"

Huu ni ukabila, ama tuseme ukabila usio na mkabila, na siyo sawa na ubaguzi wa rangi. Ubaguzi wa rangi ulijengwa na dola zilizotawala dunia, ukaamua nani ana pasipoti ya maana na nani anasimama foleni ya viza. Wa kwetu ni mdogo na wa karibu. Lakini unatembea kwa miguu ile ile: taratibu inayomfaa aliye miongoni mwa wengi, inayomwadhibu aliye peke yake kwa kosa ambalo taratibu ndiyo iliyolipika. Sheria zetu zinaujua. Ile ya Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja, na ile ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti. Sheria hizo zinahesabu vichwa. Hazisemi ripoti ya asubuhi itolewe kwa lugha gani.

Na dawa yake ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Mkuu wa wodi aliyefuata alibandika karatasi mezani: ripoti ni Kiswahili au Kiingereza, na anayepokea anarudia alichosikia kitanda kwa kitanda. Hakuna aliyehubiriwa kuhusu upendo. Dholuo ilibaki mahali pake panapostahili, kando ya kitanda cha dani asiyejua lugha nyingine, ambapo nyar Turkana naye alijifunza kuuliza panauma wapi.

Ndiyo sababu vyuo vinavyolishughulikia jambo hili kwa dhati huanza na makaratasi kabla ya mioyo. Mbinu mojawapo ni ya mtihani wa karatasi: unaandika namba, huandiki jina, ili msahihishaji asijue kama wewe ni Wafula, Otieno au Chebet. Hiyo haimgeuzi msahihishaji kuwa mtu mwema. Inamwondolea nafasi ya kukosea. Mazoezi ya wodini hayana namba. Mwanafunzi hupewa alama na mtu anayemwona uso, anayejua jina lake, mara nyingi kwa kisanduku kimoja kinachosema tabia na mwonekano. Chuo kikitaka kujua kama mambo yako sawa kipange alama za kisanduku hicho kwa mwaka mzima, kikiangalia nani hupata chini, kisha kiwaulize waliotoa alama waliona nini hasa. Kiangalie pia nani huandikiwa barua na nani huitwa pembeni akaonywa kwa mdomo. Kazi hiyo inachosha, na haina picha ya kupeleka kwenye gazeti.

Wiki iliyopita mpwa wangu alirudi tena, safari hii amepokea watoto wanne. Nikamuuliza kama bado anaandika pinki. Akasema sista wake amewafundisha kuandika pembeni, kwa herufi ndogo, ulimi na midomo vizuri, maana kisanduku chenyewe hakina nafasi.

"Si mtapata fomu mpya zikichapishwa?"

"Zichapishwe wapi, Anko? Tunapiga fotokopi ya hii hii."